Si kila jani refu ni tete

SWALI: Katika shamba la zamani lililoachwa huko Kabare nimekuta kichaka cha majani marefu, mapana kama ya mahindi. Jirani yangu huyakata kwa ajili ya ng'ombe na kuyaita matete. Mtaalamu wa kilimo anayaita tripsakumu. Nani amesema sawa? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Mtaalamu amesema sawa, na jibu lingeishia hapo kama neno matete lisingekuwa limenikera muda mrefu. Hapa Bukavu mmea wowote wa jamii ya nyasi unaompita mtu kimo huitwa tete: wa mtoni ni tete, wa kando ya barabara ni tete, na sasa hata huu uliovushwa bahari umebatizwa tete, kana kwamba lugha yetu ina jina moja tu na urefu ndio cheti cha kulipewa.

Tete ni neno kongwe, lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, na maana yake ya asili ni mmea wa majimaji wenye shina gumu lililo wazi ndani, kama ule wa vinamasi vya bonde la Ruzizi. Uwazi huo ndio wa kuangaliwa. Kata shina la mmea wa malisho ambao Kiswahili sanifu huuita mabingobingo, na Wanyarwanda urubingo, utakuta limejaa uboho. Basi si tete. Lakini huo ni mmea wa Afrika hii hii, na watu wa Kivu wameuita matete tangu zamani kiasi kwamba nimechoka kubishana nao. Wauite.

Kwa tripsakumu sisamehi. Aina zake zote asili yake ni Amerika, nayo ni ndugu wa karibu wa mahindi. Msomaji ameuona undugu huo kwenye jani kabla hajaulizia jina, maana macho yake ni makini kuliko ulimi wa jirani. Ikitoa maua, jambo ambalo ni nadra, hutoa vidole vichache vyembamba, maua ya kike yakiwa chini ndani ya pingili ngumu na ya kiume yakiwa juu, ilhali mabingobingo husimamisha suke moja lenye manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Anayeyachanganya hayo mawili hajainama kuyatazama.

Na mtu asiiite tripsakumu nyasi ya pori wala maotea. Maotea hujiotea yenyewe, lakini tripsakumu tunayoifahamu hapa ni shida kuiona na mbegu, nayo hupandwa kwa vipande vya shina. Kichaka kilichobaki katika mahame yale bila shaka kilipandwa na mtu, ama kwa malisho, ama kuzuia udongo usiporomoke mlimani.

Wengine husema nyasi ya Guatemala, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo jina tripsakumu limekwisha kuzoeleka vinywani mwa wakulima wetu, limepata irabu yake mwishoni na ngeli yake ya I-ZI: tripsakumu imeota, tripsakumu zimekatwa. Jirani aendelee kusema matete mbele ya ng'ombe wake, ambao hawajawahi kulalamika. Ila siku atakapoagiza vipande vya matete vya kupanda, akaletewa mabingobingo, asije kwangu.