Kaske (hedfoni) isiyochoma masikio

Jambo ndugu. Umesema gita za sebene (sehemu ya kuchezea ya rumba ya Kongo) zinakuchoma masikio na kila "s" ya mwimbaji inapiga kama mluzi. Kabla ya kutoa pesa ya kaske mpya, fungua ekwalaiza ya simu (kirekebisha sauti), shusha kidogo sauti za juu, kati ya 6 na 8 kHz. Ukipata nafuu, tatizo liko hapo.

Mimi natumia kaske ya Sennheiser HD 650. Besi imejaa, sauti za juu zimetulia, hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi navisikia. Ila ina ohm 300 (ukinzani wa umeme), simu inaisukuma kwa shida, na iko wazi nyuma: kelele za pikipiki zote za Kadutu, mtaa wa Bukavu, zinaingia ndani. Wewe unayesikilizia barabarani, tafuta iliyofungwa nyuma, kama Meze 99 Classics yenye ohm 32. Ukipata ya mtumba, bonyeza kwanza mito yake, ile laini inayokaa masikioni. Iliyochakaa inavujisha besi.