Muulize Fundi: Nishushe Mark X au nilinde mgongo wa mama watoto?

SWALI: Habari fundi. Nina Mark X ya 2010, ile GRX130 ya cc 2500, niko nayo mwaka wa pili sasa. Nataka niishushe kidogo ikae chini kiume na isilale kwenye kona, maana nikiingia kipilefti na spidi naona kama inataka kwenda upande. Jamaa wa gereji moja anasema ananikatia springi koili moja na nusu kwa bei ya soda, mwingine anasema ninunue koilova, zile shokapu zinazokuja na springi zake na unarekebisha urefu. Shida mke wangu anasumbuliwa na mgongo, na kila Desemba tunapanda Moshi watu watano na mizigo. Naweza kupata vyote, kona na raha? – Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka, kwanza mpe pole shemeji. Pili, huyo wa bei ya soda mkimbie, nitarudi kwake baadae.

Kabla ya yote, hizo shokapu zilizomo sasa hivi ni za lini? Maana gari ya 2010 imezunguka Japani, ikaja kuzunguka kwetu, halafu unaniambia inalala kwenye kona, hapo mimi siwazi springi kabisa, nawaza shokapu zilizokufa, bushi (zile raba) za kontroo amu, mikono inayoshikilia tairi, zilizokatika, linki za stabilaiza, kile chuma kinachozuia gari isilale, zinazocheza. Bonyeza boneti kona ya mbele kwa nguvu zako zote halafu achia. Ikipanda mara moja ikatulia, sawa. Ikiendelea kunesanesa kama kitanda cha kamba basi hujaendesha Mark X bado, unaendesha mzoga wake.

Sasa hii ya kushusha. Watu wengi wanaamini ule uchini wenyewe ndo unashika kona, na ni kweli ila ni kidogo mno. Chukua gari ambayo uzito wake umekaa kama sentimita 55 kutoka ardhini, ukaishusha 3. Uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona unapungua kama asilimia 5 hivi, basi. Kile unachokisikia baada ya kushusha ukasema duh gari imeshika, kwa sehemu kubwa ni ugumu wa springi, shokapu mpya na tairi mpya ulizofunga siku hiyo hiyo. Vyote hivyo unaweza kuvipata gari ikiwa kwenye urefu wake.

Ila raha ndo inaliwa na ule uchini. Springi inahitaji nafasi ya kushuka. Tuseme gari yako ikiwa imesimama ina sentimita 7 kabla haijagota kwenye ile raba ya ndani ya shokapu, ukiishusha 4 umebakiwa na 3. Sentimita 3 kaka! Tuta moja tu la pale Mombo linazimaliza, na hapo bado hujapakia mkungu wa ndizi wa kurudi nao. Ndo maana watengenezaji wa springi fupi wanazifanya ngumu zaidi, wanataka gari isigote, sio kwamba wanamchukia mkeo. Na ugumu una hesabu yake: gari ya familia mwili wake unanesa kama mara 1 hadi 1 na nusu kwa sekunde, karibu na mwendo wa mtu anayetembea, mwili wetu umeuzoea. Ukitaka kuitoa mara 1.2 uifikishe mara 2, springi inabidi iwe ngumu karibu mara 2.8. Hiyo ndo gari ambayo shemeji atashuka Chalinze aseme napanda basi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia. Springi ngumu inashika kona kwenye lami laini kama meza. Kwenye lami yenye viraka na mawimbi, gari ngumu inaruka, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu. Ingia nayo kona yenye shimo katikati utaona nyuma inahama. Ile laini yenye shokapu nzima inapita hapo hapo tairi zote nne ziko chini. Kwahiyo swali lako la kona AU raha, kwa barabara nyingi tunazopita, vyote viwili viko upande mmoja mpaka kiwango fulani.

Kupima umebakiwa na nafasi kiasi gani ni rahisi. Fungua tairi, vuta juu ule mfuko wa raba wa shokapu, funga zipu tai, ule mkanda mdogo wa plastiki wa kufungia nyaya, kwenye ile rodi inayong'aa, ibane tu isije ikateleza yenyewe, isukume mpaka chini iguse mwili wa shokapu. Rudisha kila kitu, pakia familia, zunguka nao njia yako ya kila siku na matuta yake, halafu rudi uangalie. Zipu tai itakuwa imesukumwa juu mpaka pale shokapu ilipofika. Ukiikuta imegandamizwa kwenye raba basi gari inagota hata kabla hujaishusha, na hapo usiguse urefu. Ikiwa imeacha sentimita 3 au 4 una kitu cha kuchezea.

Sasa mkata springi. Nilikuwa na Altezza enzi hizo, nikampelekea fundi mmoja na grainda yake, nusu saa tu gari iko chini, nikapiga picha nikatuma kwa washkaji. Wiki ya pili napata pancha, napiga jeki, tairi inaning'inia, nasikia ndani kitu kimedondoka ko! Springi imekuwa fupi mpaka gari ikinyanyuliwa inakaa legelege, imetoka kwenye kikombe chake. Nilivyoshusha jeki ikakaa upande, nimeendesha mpaka nyumbani inalia kama mlango wa banda. Na huo ugumu unaongezeka bila mwenyewe kujua, maana springi ya koili 6 ukikata moja na nusu imekuwa ngumu kwa theluthi nzima, na shokapu iko ile ile ya zamani iliyotengenezwa kutuliza springi laini. Kuna wengine wanaipasha moto kwa gesi ikae chini, hiyo hata sitaki kuiongelea, chuma kishapoteza moyo wake.

Kwako wewe ningefanya hivi. Shokapu mpya nne na bushi, stabilaiza linki, halafu wili alaimenti (kupanga pembe za tairi), endesha mwezi mzima. Nina uhakika kama robo tatu ya malalamiko ya kipilefti yataisha. Ukibaki na hamu ya muonekano, tafuta springi za kushushia sentimita 2 mpaka 2 na nusu, zile zinazoanza laini zikaendelea kuwa ngumu jinsi zinavyobanwa, ufunge na shokapu zinazoendana nazo. Koilova nzuri zipo ila usichukue kwa ajili ya jina. Angalia kama zinashushwa kwa kuzungusha kile kikombe cha chini na sio kwa kuilegeza springi, maana ya kikombe inashusha gari na shokapu inabaki na nafasi yake. Na ile nati ya kliki, ya kukaza au kulegeza shokapu, anzia katikati. Watu wanailegeza mpaka mwisho wakidhani ndo raha, gari inaanza kunesa wanatapika watoto.

Rimu nazo ni raha au adha. Mark X yenye tairi za 215/60R16 ina kama sentimita 13 za ubavu wa tairi, ya 235/45R18 inabaki na 10 na nusu. Hizo mbili na nusu ni godoro umelitoa kabla hata hujagusa springi. Mimi ningemwachia shemeji 16 zake, kama bado unazo nyumbani.

SWALI: Boss, niko Nairobi na Impreza ya 2006, nilishusha na koilova na sasa tairi za mbele zinaisha ndani kwa miezi mitatu, nje ziko fiti kabisa. Mekanika anasema ni kemba. Ni ukweli? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Nusu ukweli. Ukishusha Impreza tairi inalala kichwa ndani, hiyo ndo kemba, na inakula upande wa ndani ila polepole. Kinachomaliza tairi kwa miezi mitatu mara nyingi ni tairi kuangalia nje, mbele zimeachana kidogo, maana tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, nazo zimebadilisha pembe gari ilivyoshuka. Pitisha kiganja kwenye tairi kutoka nje kwenda ndani halafu rudi. Ukisikia upande mmoja kunateleza na kurudi kunachoma kama msumeno, ni hiyo.

Uliza kama alaimenti ilifanyika baada ya koilova kukaa siku chache au siku hiyo hiyo. Ile bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu kwenye nako, chuma kinachobeba tairi, ni ya kurekebisha kemba, aizungushe hiyo kwanza halafu tairodi mwisho, sio kinyume. Na tairi usitupe, kama sio za upande maalum zigeuzwe kwenye rimu, ndani iwe nje. Ila ukiona nyuzi zimetoka huko ndani hizo zishakufa.