Usiiachie kamera iamue weusi wa Goma

Kamera ikiwa otomatiki haijui iko wapi. Kipima mwanga chake kinachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ilete sasa Goma, mashariki mwa Kongo, mbele ya ukuta wa makoro, yale mawe meusi ya lava, apite kijana anasukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Itaona giza, itafungua mwanga, makoro yageuke rangi ya simenti na mawingu yaungue yabaki meupe pe. Mji wenyewe umeshapotea hapo.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaopiga filamu na kuniuliza mtumie filta gani kwenye kompyuta, anzeni kwa kuzima otomatiki. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini, filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, mkiwa nje. Mwanga pimeni usoni, barabara iacheni izame gizani. Anga likigoma, msipigane nalo: inueni kamera juu kidogo mwinamishe lenzi, ukuta uwe nyuma ya mtu badala ya mawingu.

Ngozi zetu watu hudhani zinaomba mwanga mwingi. Zinachoomba ni mwanga mpana, wa kutoka ubavuni. Tundika shuka jeupe karibu na shavu la mwigizaji, jua lipige shuka, halafu tazama: mstari unang'aa kutoka kwenye paji la uso, unashuka mfupa wa shavu, unaishia kidevuni. Upande wa pili uache mweusi. Mhusika mwenye siri simuwekei taa ya pili hata nikipewa bure.

Saa sita mchana, hapa karibu na ikweta, jua linakaa utosini na macho yanakuwa mashimo. Linafaa kwa mtu aliyechoka au anayewindwa. Wengine waingize mlangoni.

Rangi ndiyo inayonikeshesha. Chini ya turubai la bluu, nyuso zote zinapata ubluu, na fundi wa rangi atakimbilia kuusafisha. Kama hadithi ni ya familia iliyokimbia vita, mzuie! Ubluu ule unatuambia wanalala wapi kabla mama hajafungua mdomo. Mimi naweka kamera kama Kelvini 4000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), si 5600 ya mchana wala 3200 ya balbu. Hapo turubai linabaki bluu na makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, yanabaki ya machungwa, ndani ya fremu moja.

Nyekundu naitumia kwa ubahili. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipomwaga lava, anga juu yetu lilikuwa jekundu na watu walikuwa barabarani na magodoro kichwani. Ukimwekea mtazamaji wa hapa anga jekundu kwa sababu tu linapendeza, yeye tayari anatafuta watoto wake wako wapi, na mazungumzo ya wapenzi wako hayasikii tena.

Harusi ni habari nyingine. Bibi harusi akitaka rangi zote ziwake, ziwashe, maana anayelipa ni yeye.