Mahameli haisuguliwi: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii ni ya mahameli, ile mnayoiita velveti dukani. Wanaonisoma siku zote wanajua msimamo wangu: kinachoua kitambaa hiki ni maji mengi na mkono mzito. Doa lenyewe mara nyingi halina kosa.

Mtoto kamwaga juisi ya ukwaju kwenye kochi la kijani. Nimesugua kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia, doa limetoka ila pamebaki kama upara unaong'aa. Nifanyeje? (Morogoro)

Doa umelitoa na vinyoya umeviangusha. Uso wa mahameli ni vinyoya vifupi vilivyosimama wima na kubanana. Vikilala, mwanga unavipiga ubavuni badala ya nchani, ndiyo maana pale unaona kama rangi nyingine.

Kwanza ondoa sabuni iliyobaki. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweke kwenye maji safi, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kisha gandamiza na kuinua bila kuburuta. Sabuni ya unga ikikaukia humo itashika vumbi, nawe utaniandikia tena kwamba doa limerudi. Pakishakauka, shika pasi ya mvuke juu ya kochi, umbali wa vidole vinne, isiguse kabisa. Mvuke upite kidogo kidogo, halafu pandisha vinyoya kwa brashi laini ya nguo: anza kinyume na vinavyolala, malizia kwa kuvifuata. Rudia kesho yake. Vilivyolala vitasimama. Vilivyokatwa na brashi ya kufulia havioti tena, na hapo dawa ni fundi akubadilishie kitambaa cha mto huo.

Siku nyingine kitu kikimwagika, leta taulo kavu, ligandamize, geuza upande mkavu, gandamiza tena. Brashi ya kufulia ibaki na majinzi yake.

Naweza kutumia Jik kwenye mahameli nyeupe?

Hapana. Wala nyeusi, wala ya bluu, wala "kidogo tu". Klorini hula hariri na sufu mpaka uzi ulegee, na kwenye rangi huacha baka ambalo haliondoki. Swali hili mmeliuliza mno, na jibu ni lile lile.

Nimenunua mahameli ya mita Kariakoo. Muuzaji kasema ni ya Uturuki. Naisafishaje? (Dar es Salaam)

Uturuki ni nchi, si uzi. Muulize muuzaji kitambaa kimefumwa kwa nini: polista, pamba, viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti) au hariri. Asipojua, mwambie akuoneshe karatasi iliyobandikwa kwenye jora. Na ukiagiza makochi kwa mafundi wa Keko, omba wakuachie kipande cha kitambaa kile kile, maana makochi mengi ya kuchongesha hayaji na lebo yoyote.

Ukiwa na kipande, chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, nje, mbali na mapazia na watoto, kisha uziguse kwa njiti ya kiberiti. Polista hunywea, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Pamba na viskosi huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri hunuka nywele zilizoungua. Chomoa nyuzi za vinyoya na za kitambaa cha chini, uzijaribu mbalimbali, kwa kuwa mara nyingi hazifanani.

Polista huvumilia kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo ya maji. Pamba inataka uangalifu zaidi, kwani hunywa maji na vinyoya vyake hulala upesi. Viskosi ikilowa hupoteza nguvu nyingi. Ukiisugua mbichi unaing'oa. Hariri mpelekee mtu wa draikilini anayeifahamu. Na kwa vyovyote, lolote utakalopaka lianze kujaribiwa nyuma ya kochi au chini ya mto, likauke, ndipo uamue.

Makochi ya kutoka nje huwa na herufi kwenye lebo: W ni dawa za maji, S ni dawa kavu zisizo na maji, WS ni zote mbili, X ni kufyonza vumbi tu. Ukiona X ukamwaga maji, hiyo ni hasara ya kujitakia.

Wale vijana wanaopita kuosha masofa nyumbani, unawashauri?

Wapo wazuri. Wengi wananitia wasiwasi, kwa sababu kipimo chao cha usafi ni wingi wa povu. Kitambaa kinakauka jioni ile ile, lakini sponji la ndani na mbao zimelowa, na msimu wa masika Pwani hazikauki. Wiki ya pili sebule inanuka uvundo. Kabla hawajaondoka, gandamiza karatasi kavu ya tishu kwenye mto kwa nguvu zako zote. Ikilowa, kazi haijaisha. Mashine irudi kunyonya maji. Na asiyekuuliza kitambaa ni cha uzi gani kabla ya kuchanganya dawa, usimruhusu aanze.

Mafuta ya pilau yamedondoka kwenye mto.

Nyunyiza poda ya mtoto, iache usiku kucha, ifyonze asubuhi. Usitumie magadi, ni makali kwa hariri na sufu.

Nina kipande cha mahameli ya Kasai alichoacha bibi. Kina vumbi na vijitundu vya wadudu. Nikifue kwa sabuni ya mche? (Lubumbashi)

Tafadhali usikitie maji hata kidogo. Hiyo ni kazi ya Wakuba, watu wa Kasai huko Kongo: wanaume hufuma kitambaa cha chini kwa rafia, yaani nyuzi za majani ya mti wa jamii ya mchikichi, wanawake wakapitisha uzi wa rafia kwa sindano na kuukata pande zote mbili, vikabaki vishungi vifupi. Havijafungwa fundo. Vinashikiliwa na mbano wa ufumaji tu, na ukikamua unavitoa, huku rangi zikiingiliana.

Kitandaze mezani, kifunike kwa kipande cha chandarua, kisha fyonza vumbi juu ya chandarua kwa nguvu ndogo kabisa ya mashine. Kwa wadudu, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kirudie joto la chumba, la sivyo umande utakilowesha. Inaniuma kuona vipande hivi vikifuliwa ili ving'ae kabla ya kuuzwa kwa watalii.

Gauni la mahameli linapigwa pasi?

Halipigwi. Litundike bafuni penye mvuke wa maji moto. Mkunjo ukigoma, lilaze uso chini juu ya kipande kingine cha mahameli au taulo nene, pitisha mvuke kwa nyuma bila kukandamiza, na usilivae mpaka likauke kabisa.