Vipokezi vya GABA Katika Basali Ganglia: Je, Vimetawanyika Sawasawa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba sehemu kubwa ya basali ganglia, yaani mafungu ya seli za neva (viini) yaliyo ndani ya ubongo na yanayosaidia kuratibu mwendo, hufanya kazi kwa GABA, kemikali inayozuia seli za neva zisifyatue ishara. Ikiwa kemikali ni hiyo hiyo moja, mbona vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazoipokea, vina majina mengi, na je, vimeenea kwa namna moja katika viini vyote?

JIBU: Havikuenea kwa namna moja, tena tofauti zake zimepangika vizuri mno kuwa za bahati. Ziko jamii mbili. GABA-A ni protini ya vipande vitano vilivyozunguka tundu. GABA ikiigusa, tundu hufunguka, ayoni za kloridi huingia na seli hunyamaza papo hapo. GABA-B haina tundu lake: huamuru protini nyingine zifungue njia za potasiamu na kufunga za kalsiamu, hivyo huchelewa lakini hudumu. Nyingi hukaa kwenye ncha za neva, zikiwemo zile zinazoleta glutamati, kemikali inayochochea seli, kutoka gamba la ubongo, na hapo hupunguza kiasi kinachomwagwa.

Utajiri wenyewe umo katika GABA-A, kwa kuwa vipande vyake huteuliwa kutoka ukoo wa vipande 19, vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki, kama alfa-1 au delta. Katika striatamu, lango la kuingilia basali ganglia, seli zenye miiba, ambazo kwa panya hukaribia asilimia 95 ya seli zote za neva za hapo, hutumia zaidi alfa-2; nje ya sinapsi (maungio ya seli za neva) zina pia alfa-4 ikiandamana na delta, mchanganyiko unaohisi hata GABA kidogo iliyozagaa. Jirani zao wachache wenye protini iitwayo parvalbumini hutegemea alfa-1. Ukifika viini vingine, globasi palidasi na sehemu ya retikulata ya substansia nigra, alfa-1 ndiyo iliyotamalaki, ilhali seli zinazotoa kemikali ya dopamini katika sehemu ya kompakta, zilizopakana nazo kabisa, zina alfa-3 kwa wingi. Binafsi ningependa sehemu hizo mbili za substansia nigra zifundishwe kama viini viwili, maana jina moja limewapotosha wengi. Ramani hii ina maana kwa tiba pia: zolpidemu, dawa ya usingizi, hupendelea vipokezi vyenye alfa-1.

Usichukulie wingi wa vipokezi kuwa kipimo cha nguvu ya uzuiaji. Katika ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, seli zenye miiba hufa, na GABA iliyokuwa ikipelekwa palidasi hupungua. Hata hivyo vipokezi vya GABA-A vya palidasi huongezeka, kana kwamba seli zake zinajitahidi kunasa kile kidogo kinachofika, ilhali ndani ya striatamu vinapungua kwa sababu seli zilizovibeba hazipo tena.