Mikono ya zimwi

Mwanangu,

Juzi uliniuliza kwa nini kila tukizungumzia mazimwi ya filamu za zamani mimi namtaja Karloff, mwigizaji wa zimwi la Frankenstein, ilhali wenzako wote wanamsifu Dracula, yule mnyonya damu. Nilikujibu kwa mkato, nikajisikia vibaya. Acha nikujibu vizuri.

Itazame tena filamu ya Frankenstein ya 1931. Kile kichwa bapa na vile vyuma viwili vya shingoni ni kazi ya Jack Pierce, fundi wa kupamba sura, na kila siku ya kupiga picha Boris Karloff alikaa kitini saa kama nne akipambwa. Ila mwigizaji naye alitia mkono. Aliona macho yake yana uhai mno kwa kiumbe kilichozaliwa jana, basi kope zikapakwa nta zikawa nzito. Akang'oa na meno yake ya bandia ya upande mmoja, shavu likabonyea.

Hayo ni ya sura. Wewe tazama mikono. Daktari aliyeliumba zimwi anafungua dirisha la paani, mwanga unashuka. Zimwi halijapata kuona jua. Linainua uso, halafu mikono, taratibu, kama mtoto anayetaka kubebwa. Dirisha linafungwa, na mikono inabaki vilevile, viganja wazi, inaomba. Katika filamu nzima halitamki neno, linaguna tu.

Baadaye linakutana na binti mdogo kando ya ziwa. Mtoto haliogopi, analigawia maua, wanayatupa majini yaelee kama mashua. Maua yanakwisha. Zimwi linatazama viganja vitupu, linamtazama mtoto, linamtupa majini likidhani naye ataelea. Wakaguzi wa filamu walikata kipande hicho, na kwa miaka mingi watu waliona mikono ikimwelekea mtoto tu, kisha baba yake akipita mjini na maiti. Kila mtu akajazia mwenyewe, na alichokijazia kilikuwa kibaya kuliko kilichotokea! Kilirudishwa miaka ya 1980.

Bela Lugosi simdharau. Alikuwa ameshamcheza Dracula jukwaani Broadway tangu 1927, na ule uzito wa maneno yake unaigwa hadi leo. Tena katika filamu yake ya Dracula ya 1931 meno marefu huyaoni hata mara moja. Waliyazoesha macho yetu waigizaji wa Dracula wa baadaye, akina Christopher Lee. Max Schreck, mnyonya damu wa filamu ya Nosferatu ya 1922, kivuli chake kikipanda ngazi na zile kucha, ndiye pekee anayenifanya niwashe taa. Lakini hao wawili nawaogopa, basi. Zimwi la Karloff namwogopa na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Ukiitazama, usiruke majina ya mwanzo. Penye jina la anayecheza zimwi wameweka alama ya kuuliza tu. La Karloff linatokea mwishoni kabisa.

Mama yako