Ukipata sifuri usikimbilie kuandika maksimamu

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Moshi, Majengo, wanaokuja wengi ni PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) na wale wa BAM (Basic Applied Mathematics) wanaoiona hesabu kama adhabu, na kwenye maksimamu na minimamu (thamani kubwa na ndogo za fankisheni) shida huwa ile ile: kudiferenshieti wanajua, kutafuta x wanajua, wakishaipata wanafunga daftari.

Sasa mdogo wangu, f'(x), yaani derivetivu, ni mteremko wa fankisheni, na f'(x) = 0 inakupa watuhumiwa tu, hukumu bado. Chukua f(x) = x³ − 6x² + 9x + 2, x kuanzia 0 hadi 5. Ukidiferenshieti unapata 3x² − 12x + 9, yaani 3(x − 1)(x − 3), kwa hiyo x ni 1 au 3. Hizo zirudishe kwenye fankisheni YENYEWE, sio kwenye derivetivu (kuna watu wanarudisha huko wanapata sifuri halafu wanashangaa, jamani si ndo ulikozitoa?). f(1) = 6, f(3) = 2. Hapo mtu anaandika maksimamu ni 6 na mistari miwili chini. Haya pima na mwisho wa mipaka: f(0) = 2, ila f(5) = 125 − 150 + 45 + 2 = 22! Kumbe 6 ni kubwa kwa majirani zake tu, kubwa kuliko zote ni 22, na ndogo kabisa ni 2, inatokea x ikiwa 0 na ikiwa 3. Usipopewa mipaka, hii haina kubwa kuliko zote, inapanda tu bila kikomo.

Derivetivu ya pili (unadiferenshieti tena ile ya kwanza), 6x − 12, ni njia ya mkato: kwenye 1 inatoa −6, maksimamu, kwenye 3 inatoa 6, minimamu. Ila ikitoa sifuri haijakwambia kitu. x⁴ na x³ zote zinatoa sifuri pale x = 0, lakini x⁴ ina minimamu hapo na x³ haina chochote, inalala kidogo inaendelea kupanda. Ndo maana mimi napenda kuangalia alama ya f' (chanya au hasi) kushoto na kulia mwa hiyo x, ni ndefu ila haikuangushi.

Na maswali ya maneno, lile la bati la sm 24 kwa 24 unakata mraba wa sm x kila kona unakunja boksi lisilo na kifuniko, unatafuta ujazo V mkubwa kuliko wote: V = x(24 − 2x)², derivetivu (24 − 2x)(24 − 6x), ikiwa sifuri x ni 12 au 4. Ukimwambia fundi bati wa Mbuyuni akate sm 12 kila kona atakuuliza boksi linatoka wapi, maana bati lote limeisha. Jibu ni 4, ujazo sm³ 1024.